Kambi Zikichanganywa, Muungano Humfuata Nani? Ulinganisho wa Misimu Mitano ya Survivor

Anayetaka kuanza kutazama Survivor ya Marekani leo anakuta misimu zaidi ya 40 inamsubiri, maana CBS ilianza kukirusha kipindi hicho mwaka 2000 na haijakiacha mpaka sasa. Akiomba ushauri aanzie wapi, mara nyingi hutajiwa msimu wenye mshindi mashuhuri au wenye ufuo mzuri. Kigezo hicho si kibaya, lakini hakimsaidii mtu ambaye kinachomvutia ni jinsi watu wanavyoahidiana, wanavyotimiziana ahadi na wanavyogeukana. Mtazamaji wa namna hiyo namshauri achague msimu kwa kuangalia jambo moja: kambi zilichanganywa vipi, na wakati wa kuchanganywa uamuzi ulikuwa mikononi mwa nani.

Kwa asiyekifahamu kipindi, utaratibu wake ni huu. Kwa kawaida watu 16 hadi 20 hupelekwa mahali pa mbali na kugawanywa katika kambi mbili au zaidi. Kambi inayoshindwa katika shindano la kinga huenda barazani usiku na kumtoa mmoja wao kwa kura ya siri. Ifikapo katikati ya mchezo, kambi zote huunganishwa kuwa moja, na kuanzia hapo kila mtu hujitafutia kinga yake mwenyewe. Wanaotolewa katika kipindi hicho cha mwisho huwekwa kwenye jopo, nao ndio humchagua mshindi wa dola milioni 1. Kabla ya kuunganishwa, waandaaji wanaweza kuamua siku yoyote kuwachanganya washiriki upya, yaani kumhamisha mtu kutoka kwa wenzake aliokula nao njaa na kumweka miongoni mwa wapinzani wa jana. Waandaaji huyaita makundi hayo makabila. Mimi nitayaita kambi, kwa sababu neno kabila kwetu lina uzito ambao mchezo huu hauwezi kuubeba.

Husemwa kwamba kuchanganya kambi huvunja miungano, yaani makubaliano ya wachezaji kulindana na kupiga kura pamoja. Nimeitazama misimu mingi na sikubaliani na kauli hiyo ikiachwa hivyo hivyo. Muungano unaovunjika siku ya kuchanganywa aghalabu ulikuwa na ufa tangu mwanzo, na ule usio na ufa hupita salama hata watu wake wakitawanywa. Nitaonyesha hilo kwa misimu mitano niliyoichagua kwa sababu kila mmoja ulifanya jambo hili kwa njia yake. Sitaweza kuieleza bila kutaja washindi, kwa hiyo anayechukia kuambiwa mwisho wa hadithi asiendelee kusoma.

Kambi zisipoguswa: Palau, 2005

Nianze na msimu ambao haukuchanganya kambi kabisa, kwa sababu bila huo hatuna cha kupimia mingine. Palau ilikuwa na washiriki 20, na baada ya wawili kuachwa bila kuchaguliwa na upande wowote, waliobaki waligawanyika katika kambi za Koror na Ulong. Ulong walishindwa katika kila shindano la kinga. Kila mara walikwenda barazani, wakapungua mmoja mmoja, hadi akabaki Stephenie LaGrossa akilala peke yake katika kambi iliyokuwa ya watu tisa, kisha akapelekwa Koror. Tom Westman wa Koror ndiye aliyeshinda, kwa kura 6 dhidi ya 1 ya Katie Gallagher.

Kwa upande wa miungano, msimu huu una kitu ambacho mingine minne haina: mtazamaji anaishuhudia kambi moja ikikaa pamoja kwa muda mrefu bila kutikiswa na mtu wa nje, kiasi kwamba ugomvi wake wote unapoanza kujitokeza, unatoka ndani. Ubaya wake ni kwamba nusu ya kwanza inakuwa ya upande mmoja. Palipo na pengo kubwa la nguvu kati ya kambi mbili, kutochanganya ni sawa na kuamua mapema kambi ipi itazikwa. Hata hivyo si kanuni: mwaka 2009, katika msimu wa Samoa, kambi ya Galu ilifika siku ya kuunganishwa kambi ikiwa na watu 8 dhidi ya 4 wa Foa Foa, haikuwahi kuchanganywa, na bado mshindi alitoka kwa wale wanne.

Waliotumwa bila kujua waendako: Africa, 2001

Kuchanganya kambi kulianzia Kenya. Msimu wa tatu, Survivor: Africa, ulipigwa picha mwaka 2001 katika Hifadhi ya Taifa ya Shaba, upande wa Isiolo, na kambi zake mbili zilipewa majina ya Boran na Samburu. Washiriki walilala ndani ya boma la matawi ya miiba, kwa sababu simba wa Shaba hawakuwa mapambo ya kipindi, na usiku walipokezana zamu za kukesha kando ya moto. Kambi zilipounganishwa walijichagulia jina la Moto Maji, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu, lakini linaeleza vizuri walichokihitaji kila siku.

Kabla ya hapo, yaani watu 12 walipokuwa wamebaki, sita kila upande, kila kambi iliambiwa iteue watu watatu kwa safari ambayo haikuelezwa. Samburu waliwatuma Silas Gaither, Frank Garrison na Teresa Cooper. Boran waliwatuma Lex van den Berghe, Tom Buchanan na Kelly Goldsmith. Walipokutana huko waliambiwa wabadilishane: watatu wa Samburu wakawa Boran, na watatu wa Boran wakawa Samburu. Katika misimu miwili iliyotangulia jambo hilo halikuwahi kutokea, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amejiandaa. Mshiriki wa leo huanza kuhesabu siku na kusubiri kuchanganywa. Wale walikuwa wameweka ahadi zao kana kwamba ukuta kati ya kambi mbili ungesimama hadi mwisho.

Kwa hesabu tupu, pande zote mbili zilikuwa watu watatu kwa watatu, na mtu angetarajia matokeo yagawanyike sawa. Hayakugawanyika. Samburu walikuwa wamekwisha kupasuka siku nyingi kabla, vijana wanne upande mmoja na watu wazima wanne upande wa pili, na vijana walikuwa wamekwisha kuwatoa Carl na Linda, wote wawili wa upande wa watu wazima. Frank na Teresa walikuwa mabaki ya upande ulioshindwa, na Silas alikuwa kinara wa ule ulioshinda. Waliwekwa ndani ya kambi moja mpya wakiwa wametoka nyumba moja, lakini undugu wao ulikuwa wa jina tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: Ethan Zohn na wenzake wawili wa Boran hawakuhitaji kuwashawishi sana wageni wao, kwa maana wageni walikuja na kinyongo tayari. Kambi ikashindwa shindano la kinga kwa makusudi ili ipate kwenda barazani, na Silas akatoka.

Upande wa pili, Lex, Tom na Kelly walishikamana, na aliyetoka ni Lindsey, kijana mwingine wa Samburu. Kambi zilipounganishwa watu walikuwa 10, sita wa Boran asilia na wanne wa Samburu. Boran hawakupoteza hata mtu mmoja katika siku zote walizokaa ugenini. Watu wanne wa mwisho wa msimu huo, Ethan, Kim Johnson, Lex na Tom, wote walikuwa wa Boran, na Ethan alimshinda Kim kwa kura 5 dhidi ya 2.

Hapo ndipo ninapoona hoja yangu ikithibitika waziwazi zaidi kuliko penginepo. Kuchanganywa kule kule, siku ile ile, kwa idadi ile ile ya watu, kulimaliza muungano mmoja na kuuacha mwingine mzima. Kilichotofautisha ni hali ya kila kambi kabla ya safari.

Lakini msimu wenyewe una mkia unaozuia mtu asiwasifu Boran kupita kiasi. Katika baraza la kwanza baada ya kambi kuunganishwa, alipotolewa Clarence, Lex alipata kura moja ambayo hakuitarajia. Aliyeiandika ni Teresa. Lex hakumdhania yeye. Akamshuku Kelly, yule yule aliyesafiri naye kwenda Samburu na kusimama naye dhidi ya vijana watatu. Hakutulia mpaka amemfanya kila mtu ajue kwamba anamtafuta mwandishi wa kura ile, na Kelly, alipohisi kushukiwa bila kosa, akaanza kutafuta wa kumtoa Lex. Katika baraza lililofuata Brandon wa Samburu alijiunga na upande wa Lex, Kelly akatoka, na baada yake akatoka Brandon mwenyewe. Kwa hiyo safari ya pamoja ugenini haikumlinda Kelly hata kidogo, na nadhani ni kwa sababu ahadi iliyofungwa ugenini ilikuwa ya kukabiliana na hatari ya mle ndani, nayo ilikwisha hatari ilipokwisha.

Kura ya bahati na ahadi ya kando: All-Stars, 2004

Lex huyo huyo alirudi mwaka 2004 katika msimu wa All-Stars, uliofanyika katika visiwa vya Pearl nchini Panama ukiwa na washiriki 18 waliowahi kucheza. Ndiyo maana naiweka misimu hii miwili bega kwa bega: mtu mmoja, mara ya kwanza kuchanganywa kunamjenga, mara ya pili kunambomoa.

Msimu ulianza na kambi tatu, Chapera, Mogo Mogo na Saboga. Saboga ilivunjwa mapema na watu wake wanne wakagawiwa: Rupert Boneham na Jenna Lewis wakaenda Chapera, Ethan na Jerri Manthey wakaenda Mogo Mogo. Wawili wa Chapera walipata makao. Wote wawili walifika katika watu wanne wa mwisho. Ethan alipofika Mogo Mogo alimkuta rafiki yake Lex, na Lex akawa miongoni mwa waliompigia kura ya kutoka, kwa hoja kwamba mtu aliyekwisha kushinda mara moja hapaswi kuachwa akashinda tena. Kwa mchezo ilikuwa hoja inayoeleweka. Kwa urafiki ilikuwa bei ambayo Lex aliamua mwenyewe kuilipa.

Walipobaki watu 10, sita wa Chapera na wanne wa Mogo Mogo, zikapigwa kura za bahati nasibu za kuchanganya kambi. Matokeo yalikuwa ya ajabu: watu walijikuta wamegawanyika karibu vile vile walivyokuwa, isipokuwa Amber Brkich wa Chapera, ambaye kura ilimtupa peke yake kati ya Lex, Kathy, Shii Ann na Jerri. Mchezo mzima sasa ukawa unamning'inia mtu mmoja. Upande wa akina Lex uliposhindwa kinga, ilionekana hakuna cha kujadili, kwa kuwa watu wanne wa asili walikuwa na mgeni mmoja. Lakini kabla kambi hazijaachana, Rob Mariano, mpenzi na mshirika wa Amber, alimwomba Lex amtunze Amber kwa ahadi kwamba naye atamtunza Lex baadaye. Lex akakubali. Jerri ndiye aliyetolewa.

Tufanye hesabu. Amber angetoka, watu 9 waliobaki wangekuwa watano wa Rob kwa wanne wa Lex, na kumgeuza mtu mmoja tu kungetosha kupindua mchezo. Kwa kumtoa Jerri, ikawa sita kwa watatu. Kambi zikaunganishwa mara tu baada ya hapo, na mtu wa kwanza kutolewa na upande wa Rob akawa Lex. Amber alimshinda Rob katika fainali kwa kura 4 dhidi ya 3, na mwaka uliofuata walioana.

Watazamaji wengi hulaumu bahati nasibu kwa kilichompata Amber, au humlaumu Rob kwa kilichompata Lex. Nawaelewa, ila naona wameliruka lililo kubwa. Bahati nasibu ilimpa Lex nafasi ambayo wachezaji wengi huiota, yaani kushika roho ya mpinzani wake mkuu mkononi kwa usiku mmoja, na yeye akaibadilisha kwa ahadi ya mdomo ya mtu ambaye hakuwa kambini kwake. Kule Kenya alikuwa na wenzake wawili waliohama pamoja naye na waliokuwa na adui mmoja. Panama alikuwa na neno tu. Kura ya bahati haikuvunja muungano wowote siku hiyo. Muungano wa Rob na Amber ulivuka mpaka wa kambi bila kujeruhiwa, na uliovunjika ni wa Mogo Mogo, uliovunjwa na kiongozi wake.

Sekunde kumi: Cook Islands, 2006

Hadi hapa walioamua nani ahame walikuwa waandaaji, kambi nzima, au kura ya bahati. Cook Islands ndio msimu uliompa mchezaji mwenyewe uamuzi huo, na kwangu ndio wenye mafunzo mengi zaidi kuhusu miungano ingawa sio ninaoupenda kuliko yote.

Ulianza kwa namna iliyozua malalamiko makali nchini Marekani: washiriki 20 waligawanywa katika kambi nne kwa asili zao, Wamarekani wenye asili ya Asia, ya Afrika, ya Kilatini, na Wazungu. Mgawanyo huo haukudumu. Muda si mrefu kambi zikafanywa mbili, Aitu na Raro, zilizochanganya watu wa makundi yote. Wengi walidhani kwamba mchanganyiko huo umekwisha kuifuta mipaka ya mwanzo. Baadaye mtangazaji Jeff Probst aliwasimamisha wote na kuwaambia kwamba yeyote anayetaka kuihama kambi yake aende upande wa pili ana sekunde 10 za kuamua.

Nafasi kama hiyo iliwahi kutolewa mwaka 2002 katika msimu wa Thailand, na hakuna aliyeondoka. Safari hii Candice Woodcock wa Aitu alipiga hatua mbele, na Jonathan Penner akamfuata. Wote wawili walikuwa wametoka katika kambi ile ya kwanza ya Wazungu, na Raro walikuwako Adam na Parvati, wenzao wa zamani. Ninaporudia kuitazama sehemu hii huwa namwangalia Yul Kwon badala ya wanaoondoka, kwa sababu usoni mwake unaiona kambi ikihesabiwa upya: Aitu walibaki wanne, Raro wakawa wanane.

Wanne hao walikuwa Yul na Becky Lee kutoka kambi ya asili ya Asia, Sundra Oakley kutoka ya asili ya Afrika, na Ozzy Lusth kutoka ya Kilatini. Kama kuchanganywa kungekuwa kunavunja miungano kwa nguvu zake peke yake, hawa wasingekuwa na kitu cha kuwashikilia, maana makundi matatu kati ya manne ya mwanzo yaliwakilishwa na mtu mmoja au wawili tu. Kumbe kuachwa ndiko kulikowafunga pamoja. Walishinda shindano baada ya shindano, Raro wakaanza kulana wao kwa wao, na siku ya kuunganishwa watu walikuwa watano kwa wanne. Yul, aliyekuwa na sanamu ya kinga, yaani kitu kinachofichwa ambacho humwokoa aliyekipata asitolewe barazani, akamwonyesha Jonathan na kumweka mahali pa kuchagua kati ya kurudi nyumbani au kurudi kwa aliowakimbia. Jonathan akarudi. Kuanzia hapo hesabu ikageuka, naye alipokwisha kutumika akatolewa kama wengine. Watu wanne wa mwisho walikuwa wale wanne wa Aitu, na Yul alimshinda Ozzy kwa kura 5 dhidi ya 4. Becky na Sundra waligombea nafasi ya tatu kwa kuwasha moto, wakashindwa kwa muda mrefu hata wakapewa viberiti, tukio ambalo mtu mwenye subira ndogo anaweza kuliruka bila kupoteza chochote.

Tofauti kati ya msimu huu na All-Stars ndiyo ninayotaka mtazamaji aizingatie. Amber alitupwa ugenini na kura, na hakuna aliyemwona msaliti. Candice alikwenda kwa miguu yake, na kila alichokifanya baadaye kilisomwa kwa macho ya siku ile. Kuhamishwa humwachia mtu udhuru, kuhama humnyang'anya.

Kambi mbili kuwa tatu: Cambodia, 2015

Kufikia mwaka 2015 kila mshiriki alikuwa ameitazama misimu ya nyuma na alijua kuchanganywa kutakuja. Katika Cambodia, msimu wa watu 20 waliorudi kwa kura za watazamaji, kambi za Bayon na Ta Keo ziligeuzwa kuwa tatu walipobaki watu 18, sita kila kambi. Kambi ya tatu, Angkor, ilianza bila banda, bila moto, bila chochote, wakati wenzao walirudi kwenye kambi zilizokwisha kujengwa.

Angkor waliingia wanne wa Ta Keo, yaani Abi-Maria, Peih-Gee, Varner na Woo, na wawili tu wa Bayon, Andrew Savage na Tasha Fox. Wanne kwa wawili ni hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Aliyetoka kwanza ni Peih-Gee wa Ta Keo, na aliyemfuata ni Varner, wa Ta Keo pia. Abi-Maria na Peih-Gee walikuwa hawapatani tangu kambi ya kwanza, na wawili wa Bayon walichofanya ni kukaa upande wa Abi-Maria na kumsikiliza. Njaa na uchovu wa kambi isiyo na kitu vilimaliza subira iliyokuwa imebaki. Tasha alifika fainali, ambako Jeremy Collins alizoa kura zote 10 za jopo.

Ni hadithi ya Silas tena, miaka kumi na minne baadaye, pamoja na kwamba hawa walikuwa wajuzi na wale wa Shaba walikuwa hawajui kitu. Kwa sababu hiyo sioni kwamba Cambodia inaongeza jambo jipya kuhusu siku ya kuchanganywa yenyewe. Inachoongeza ni kilichofuata: watu waliokwisha kuchanganywa mara mbili waliacha kujihesabu kwa kambi, wakawa wanaungana kwa kura moja na kuachana kwa inayofuata. Anayependa hesabu za haraka atafurahi. Anayependa kumjua mtu polepole anaweza kuchoka.

Kwa waliozoea Big Brother Africa

Wasomaji wa Afrika Mashariki wengi waliingia katika vipindi vya namna hii kupitia Big Brother Africa, ambako Watanzania Richard Bezuidenhout mwaka 2007 na Idris Sultan mwaka 2014 waliibuka washindi. Huko nako washiriki wamewahi kugawanywa katika nyumba mbili, kama Ruby na Diamond za msimu wa 2013. Lakini asiingie mtu Survivor akitarajia kitu kile kile. Katika Big Brother Africa kura ya kumtoa mtu ilikuwa ya watazamaji, kwa hiyo mshirika wako wa ndani hakuweza kukuokoa kama nje hukupendwa. Katika Survivor watazamaji hawana kura barazani. Anayekutoa ni yule uliyelala kando yake jana, na ndiyo sababu kumbadilishia mtu wa kulala kando yake kuna uzito mkubwa hivyo.

Uanze na upi

Mwenye nafasi ya msimu mmoja tu, na anayetaka kuona muungano ukijengwa kutoka kwenye magofu, achukue Cook Islands, akivumilia ugumu wa jinsi ulivyoanza. Anayetazama na watoto wakubwa au wazazi, ambao hawana haja ya kufuatilia sanamu za kinga na mbinu juu ya mbinu, Africa itawafaa zaidi: sheria ni chache, watu wanaeleweka, na mandhari ni ya nyumbani. Palau nampendekezea mtu anayetaka kupumzika kutoka kwenye hila, mradi akubali kumwonea huruma Stephenie kwa vipindi kadhaa mfululizo. Cambodia nisingempa mgeni kabisa, kwa kuwa nusu ya utamu wake iko katika kujua kila mmoja alishindwaje mara ya kwanza.

Mwenye nafasi ya misimu miwili ndiye ninayemwonea wivu. Huyo aanze na Africa, asiruke kipindi, kisha aende moja kwa moja kwenye All-Stars kabla hajausahau uso wa Ethan, na akifika kwenye baraza la Mogo Mogo linalomtoa Ethan, amtazame Lex wakati anapoandika jina lake. Baada ya hapo amtazame tena Lex siku anapomwokoa Amber.